Nani Kashika Kamba?

Nikiletewa msimbo wa Python niupime, siuendeshi kwanza. Natafuta fanksheni zilizozaliwa ndani ya fanksheni nyingine kisha zikatumwa mbali: kwenye orodha ya wasikilizaji, kwenye kipima saa, kwenye kashe. Hapo ndipo mkono wa fundi unapoonekana. Majina mazuri na mistari iliyonyooka ni rangi ya ukuta tu.

Fanksheni ya namna hiyo huitwa kloja. Haiondoki kwao mikono mitupu. Hubeba yale majina ya nyumbani inayoyahitaji. Uzuri wa Python ni kwamba unaweza kuufungua mzigo wenyewe ukaona kilichomo. Tuseme ndani ya klasi ya Mteja kuna hii:

```
def kengele(self):
    jina = self.jina
    def lia():
        print(jina)
    return lia
```

Andika `lia = mteja.kengele()`, kisha uchungulie `lia.__closure__[0].cell_contents`. Utakuta neno moja, jina la mteja, basi. Sasa futa ule mstari wa `jina = self.jina`, na ndani ya `lia` uandike `print(self.jina)`. Kwenye skrini huoni tofauti. Ukichungulia tena, mzigoni yumo mteja mzima: picha zake, historia yake ya malipo, na muunganisho wa hifadhidata kama anao. Umemtuma mtoto dukani akanunue chumvi, na badala ya kumpa shilingi mia tano umempa ufunguo wa nyumba.

Simaanishi kwamba kubeba `self` ni kosa siku zote. Jina likiweza kubadilika kati ya leo na siku kengele italia, na ukataka jina jipya, basi `self` ndiye wa kubebwa. Ninachopima ni kama fundi alichagua au ilimtokea tu. Swali moja linatosha: “Hapa umebeba nini?” Akijibu bila kurudi kwenye skrini, nasonga mbele.

Uzito wa mzigo huo unatokana na jinsi CPython, ile Python ambayo wengi wetu tunayo kwenye kompyuta zetu, inavyotunza memori. Kila kitu kina hesabu ya kamba zinazokishika. Kamba ya mwisho ikiachiwa, kitu kinaondoka papo hapo. George Collins alichapisha wazo hilo la kuhesabu mwaka 1960, mwaka uleule ambao John McCarthy, katika makala yake ya Lisp, alieleza njia nyingine: anza na vinavyofikika, vifuate hadi mwisho, kisha zoa vilivyobaki. CPython inatumia kuhesabu kwanza, kwa sababu ni kwepesi na hakusubiri zamu. Lakini kuhesabu hakuoni duara. Mbuzi wawili waliofungwa kamba moja shingo kwa shingo, mchungaji keshaenda zake, kila mmoja bado anahesabiwa kuwa ameshikwa. Mzoa taka wa maduara alikuja na toleo 2.0, mwaka 2000. Mwaka uliofuata, toleo 2.1 lilileta rejeo dhaifu, na pia kloja zenye uwezo wa kuona majina ya fanksheni ya nje, ingawa wakati huo ilibidi uziombe. Nimezoea kuvihesabu viwili hivyo kama mapacha.

Rejeo dhaifu ni kumjua mbuzi kwa sura bila kushika kamba yake. Ukimwita, anakuja mwenyewe au unapata `None`. Tazama fundi anavyomwita. Aliyeiva huandika `m = r()`, halafu akauliza kama `m` si `None`, halafu akafanya kazi na `m` huyohuyo; kwa muda huo mfupi ameshika kamba kwa makusudi. Asiyeiva huandika `if r() is not None: r().lia()`. Anauliza hodi, anaitikiwa, kisha anabisha tena, na kati ya hodi mbili mwenyeji anaweza kuwa amekwisha kuondoka. Majaribio ya mezani hayataionyesha hitilafu hiyo. Itaonekana siku seva imebeba nyuzi nyingi kwa pamoja.

Marejeo dhaifu yakiwa kila mahali, natia shaka. Mahali pake ni kwa mtazamaji asiye na mali: kashe inayokumbuka kitu wakati wengine bado wanakitumia, mtoto anayemjua mzazi wake, tangazo linalowafahamu wasikilizaji wake. Fundi asiyeweza kuniambia ni nani mwenye kitu, akaweka rejeo dhaifu ili memori ishuke, amebandika plasta juu ya jipu.

Kisha kuna mitego miwili ninayoipenda, maana inamtenga aliyesoma na aliyewahi kuumia.

Wa kwanza ni `weakref.ref(mteja.lia)`, ambapo `lia` ni mbinu ya mteja. Unaonekana mstari safi, ila rejeo limekufa kabla hujafika mstari wa pili. Kila unapoandika `mteja.lia`, Python inatengeneza kifurushi kipya cha mbinu na mteja wake, na hakuna mwingine anayekishika hicho kifurushi. Ndiyo maana toleo 3.4 lilileta `WeakMethod`. Lambda iliyotupwa moja kwa moja kwenye `WeakSet` inapata ajali hiyohiyo. Mtu akilalamika kwamba vitufe vyake “wakati mwingine havijibu,” naanzia hapo.

Wa pili ni kinyume chake: `weakref.finalize(self, self.funga)`. Fundi anataka `funga` iitwe `self` akishaondoka, lakini `self.funga` imembeba `self`. Anayesubiri kufunga mlango ndiye aliyekalia kizingiti. Programu itakapozimwa `funga` itaitwa kweli, kwa hiyo kwenye jaribio fupi kila kitu kinaonekana sawa.

Mengine nayapita haraka. `functools.cache` juu ya mbinu ya klasi inamshika kila `self` aliyewahi kuiita, bila ukomo. Faili linafungwa kwa `with`, si kwa kumtegemea mzoa taka. PyPy, Python ya namna nyingine, haihesabu kamba, kwa hiyo huko hujui litafungwa lini. Na `gc.collect()` iliyonyunyizwa katikati ya kazi ni kama udi katika chumba kisichofagiwa.

Kipimo changu cha mwisho kina mistari mitatu. Weka `r = weakref.ref(kitu)`, andika `del kitu`, kisha thibitisha kwamba `r()` ni `None`, bila kumwita mzoa taka. Kazi safi inapita palepale. Ikipita baada ya `gc.collect()` tu, kuna duara. Huenda linavumilika, ila nataka kuonyeshwa lilipo. Isipopita kabisa, `gc.get_referrers` itakutajia aliyeshika kamba, na mara nyingi utakuta seli ya kloja.

Mteja mmoja alikuwa na seva iliyozimwa na kuwashwa kila usiku saa nane, kwa amri iliyowekwa na mtu ambaye hakuwepo tena kazini. Memori ilikuwa ikipanda mchana kutwa. Kipimo kiligoma, nikafuata kamba hadi kwenye lambda moja iliyokuwa ikiandika namba ya muunganisho kwenye kumbukumbu za seva, na kwa ajili ya namba hiyo moja ilimbeba `self` wa kila aliyewahi kuingia. Nikaitoa namba nje kwanza, kama pale juu na jina. Memori ikatulia siku hiyohiyo. Amri ya saa nane usiku bado ipo. Hakuna aliyethubutu kuifuta.