Mbao ya bingwa haikufanye bingwa

Tuseme ukweli, ndugu zangu wa ping-pong, kuanzia Katana mpaka Bukavu: wengi wetu tunachagua mbao ya raketi kama vile mtu anachagua jezi. Bingwa anaishika, basi na sisi tunaitaka. Lakini jezi haibadilishe namna unacheza. Mbao inabadilisha.

Tuchukue Viscaria ya Butterfly, iliyotoka mwaka 1993 na ambayo vijana wengi waliijua kupitia Zhang Jike, bingwa wa dunia 2011 na 2013, na wa Olimpiki London 2012. Ni kazi nzuri, hatukatae. Iko na tabaka 5 za mti na tabaka 2 za nyuzi zenye kaboni, karibu na uso. Kwa mchezaji mwenye mkono uliokomaa, mpira unaenda mbio na bado anausikia. Lakini mpe mtu anayeanza: mpira unapita meza. Atafanya nini? Atafupisha mkono, atasukuma tu. Njo hapo hasara kubwa iko. Dola zimeenda, na zaidi ya dola, amejifunza pigo nusu, na kulinyoosha kisha ni kazi ya miezi.

Tena hiyo kaboni inatutisha bure. Sheria ya ping-pong inataka angalau asilimia 85 ya unene wa mbao iwe mti wa asili. Na moja ya miti inayotumika sana ni limba, mti unaoota hata katika misitu ya Mayombe, kule Kongo-Kati. Iko hata ndani ya Viscaria! Limba ikiwa juu, inashika mpira kidogo kabla ya kuuachilia, inasaidia kuzungusha. Koto ni ngumu zaidi, inautupa haraka.

Sasa jiulize: mimi nashinda pointi namna gani? Kama ungali unajenga mapigo, au unacheza kila kitu kidogo, tafuta mbao ya tabaka 5 za mti mtupu, kama Stiga Allround Evolution. Kama unapiga kwa nguvu karibu na meza, tabaka 7 za mti zinaweza kukufaa. Kama unarudi nyuma na kukata mipira, chukua mbao pana ya polepole. Polepole si aibu: Joo Se-hyuk wa Korea Kusini alifika fainali ya dunia, Paris 2003, akicheza ulinzi.

Kuko wenye kusema: "Nunua ya haraka sasa, utaizoea, hautanunua mara mbili." Kwa kijana mwenye diploma na asiye na kazi, hiyo hoja iko na uzito. Ila inageuza mambo. Kinachoisha haraka ni raba. Mbao nzuri ya kawaida, ikilindwa na unyevu, inadumu miaka. Nunua mbao ya bei ya chini inayokufaa, pesa inayobaki iende kwa raba mpya.

Na kama chama chetu kitanunua raketi za wote, tusianze na moja ya kifahari itakayofungiwa ndani ya kabati. Tununue kadhaa za tabaka 5, dada na kaka wajaribu, kila mmoja ajue mkono wake kwanza.