Themostati Imehukumiwa kwa Kosa la Geji

Kung'oa themostati kabla ya kupima geji ni kosa lisilo na utetezi. Mmeuona uamuzi huo ukifanywa Malindi, Unguja, kwenye Land Rover Series III: mshale wa joto uko karibu na nyekundu, maji hayachemki, mpira wa juu wa rejeta haujafura, na bado fundi anashika spana. Kusafisha rejeta na kukaza mkanda wa feni ni kazi safi. Lakini geji ya mafuta nayo inasoma zaidi ya kilichomo tangini, na ushahidi wote uko hapo. Geji hizo mbili zinalishwa na stabilaiza moja nyuma ya dashibodi, inayokata na kurudisha umeme ili wastani uwe volti 10. Ethi yake ikiliwa na kutu, jambo la kutarajiwa kwa gari linalolala karibu na bandari, haikati tena. Umeme wa betri unapita mzima na mishale yote miwili inapanda. Ukipanda wa joto peke yake, ishukiwe senda, yaani kihisi cha joto kwenye injini, na waya wake. Chomoa waya kwenye senda: mshale ulale kwenye baridi. Ugusishe waya huo kwenye bodi kidogo tu: mshale upande. Ukitii mara zote mbili, fungua senda. Kipimo hicho ni kazi ya dakika chache, wala hakimwagi maji.

Watetezi wa kuing'oa husema themostati ni ya nchi za baridi. Si kweli: injini inataka maji ya nyuzi 80 hivi, na joto la Unguja halifiki hata nusu yake. Bila themostati injini inachelewa kupata moto, inakula mafuta na kulika upesi. Wanasema pia kwamba mshale ulishuka ilipotolewa. Ulishuka kwa sababu maji yamepoa. Uongo wa geji uko pale pale. Na kama unashuku kwamba themostati imekwama kweli, itumbukize kwenye sufuria ya maji moto pamoja na kipimajoto. Isipofunguka, nunua nyingine. Mafundi wa zamani wa Morris Minor, gari lililotoka kiwandani bila geji ya joto, walishika mpira na kunusa maji kwanza. Hawa wa leo wamepewa mshale, wakaacha kutumia mikono. Rudisheni themostati, mkwangue ethi.