Meno ya Rola

Tangu Mei 2023, waandamanaji walipochoma mashine za kuchumia chai huko Kericho, ukitaja mashine katika vilima hivi kila mtu anadhani unasema ile inayonyoa vichaka na kuwaachia wachumaji mikono mitupu. Mabishano hayo ni ya haki, yanagusa riziki za watu. Ila kiwandani, umbali mfupi tu kutoka shambani, mashine ilishika usukani zamani, na swali lake ni tofauti kidogo: mashine ikishajiendesha, mkono wa fundi unahamia wapi? Mimi huenda kulitafutia jibu katika karakana ya rola.

Chai ya Kenya karibu yote ni ya CTC, yaani kuponda, kurarua na kuviringisha. Mashine yenyewe ilibuniwa na William McKercher huko Assam, India, mwaka 1930. Alichofanya ni kupanga silinda mbili za chuma zenye meno, zizunguke zikielekeana, moja mara 70 hivi kwa dakika na nyingine mara 700. Ile ya polepole inalishika jani, ile ya kasi inalirarua. Zingezunguka kwa mwendo mmoja, jani lingebanwa tu na kupita. Kwa kawaida majani hupitishwa jozi tatu hadi tano za rola, kila jozi ikizidi kuyapunguza, mpaka yanaangukia mkanda wa mwisho yakiwa unga wa kijani ambao muda si mrefu huanza kugeuka rangi ya shaba.

Ukiiona kwa mbali, rola ni gogo la chuma linalong'aa. Isogelee. Kuna mifereji myembamba iliyolizunguka gogo zima, minane au kumi katika kila inchi, na kuna mingine inayokwenda kwa urefu wake, imeinama upande kidogo. Pale inapokatana, kinachobaki kimesimama ni jino. Ni maelfu ya meno, na kila moja lina kazi.

Jino kali hukata. Seli za jani zinapasuka, utomvu unakutana na hewa, na kuchachuka kunaanza mahali pote kwa pamoja. Jino butu husugua. Majani yanapata joto kabla ya wakati wake, nyuzi za mabua zinabaki ndefu, na chai inatoka na vipande bapa kama maganda ya kitunguu, kikombe nacho kinafifia. Kwenye mnada wa Mombasa, ulioanzia Nairobi mwaka 1956, mnunuzi haonyeshwi rola. Anaonja tu, anatazama rangi, anataja bei. Kilo moja ya chai hula takriban kilo nne na nusu za majani mabichi, kwa hiyo ubutu wa meno unamfikia hata mama wa Konoin aliyebeba kikapu chake mpaka kituoni. Viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa hulipa bonasi ndogo kuliko vya mashariki, na kila mwaka zogo huzuka. Sababu ni nyingi, wala siitwishi rola mzigo wote. Ila sijawahi kusikia ikitajwa kwenye mikutano ya bonasi, na naona inastahili walau dakika tano.

Kunoa kwenyewe ni kazi ya polepole. Rola huoshwa kwanza, maana chai hugandamana kwenye mashina ya meno ikawa ngumu kama saruji. Kisha hupandishwa kwenye mashine ya kukereza, meno yaliyochoka yaondolewe mpaka uso uwe duara kamili. Fundi anaweka geji ya saa juu yake, anaizungusha rola kwa mkono, macho kwenye mshale. Mshale ukicheza, anarudia. Nimemwona fundi mmoja akirudia hadi wanagenzi wake wakaanza kutazamana, yeye hana habari nao.

Akianza kukata mifereji, hatazami mfereji peke yake, anatazama pia vinyweleo vya chuma vinavyodondoka. Vikijikunja sawasawa, ncha ya kukatia iko vizuri. Vikitoka vimegeuka samawati, joto limezidi na ncha inakaribia kumsaliti. Akimaliza anapitisha ukucha wa kidole gumba kutoka shina la jino hadi kileleni. Kama kuna ukingo uliopinda, mwembamba usioonekana kwa jicho, ukucha hukwama hapo.

Na rola hainolewi peke yake, ina mwenzake. Meno ya hii yapite katika mifereji ya ile bila kugusana, nafasi iwe ile ile toka mwisho mmoja hadi mwingine. Fundi anaweka taa nyuma ya jozi na kutafuta ule mstari mwembamba wa mwanga. Ukiwa mnene upande mmoja, upande huo utapitisha majani mazima usiku kucha.

Siku hizi zipo mashine za kunolea zinazojiendesha: unafunga rola, unaipa kina na idadi ya mifereji, inakata, inahesabu, inasogea yenyewe. Je, zinafaa? Zinafaa sana. Mfereji wa mia mbili hutoka sawa na wa kwanza, na hakuna binadamu anayeweza kuapa hivyo saa nane usiku.

Tatizo ni rola iliyoumia. Sumaku juu ya mkanda hunasa misumari, lakini jiwe halina habari na sumaku. Likipita, huvunja meno mahali pamoja. Mashine itakata kina ilichoambiwa, basi. Fundi ndiye anayepima: nikate rola nzima mpaka jeraha liishe, nipoteze chuma ambacho kingenolewa mara kadhaa tena, au niache pengo dogo lifanye kazi hivyo hivyo? Jibu hutegemea pengo liko wapi na chuma kilichobaki ni kinene kiasi gani.

Chombo kinachojiendesha kina adui mwingine, uchafu. Mwingereza George Fosbery alibuni bastola ya silinda iliyojizungusha yenyewe kwa nguvu ya teke la risasi, ikiongozwa na mifereji ya zigizaga; Webley & Scott walianza kuiuza mwaka 1901. Ilikuwa hodari mno penye usafi. Matope ya Vita Kuu ya Kwanza yaliingia kwenye mifereji ile, na jeshi la Uingereza halikuwahi kuifanya silaha yake rasmi. Mashine ya kunolea haiendi vitani, lakini kiwanda cha chai kina vumbi, mvuke na umeme unaopotea, na kadi yake ya elektroniki ikiungua mwezi wa Aprili, majani yamelala kwenye vitanda vya kunyaushia na hayasubiri kipuri kutoka India.

Katika kiwanda kimoja cha Bomet wana mashine zote mbili. Ile ya kujiendesha inapewa rola zilizochakaa kwa kawaida. Zilizoumia hupelekwa kwenye ile kuukuu, kwa fundi mzee, na foleni yake ndiyo ndefu.