Tunaiombea Turkana, Lakini Tunaijua?

Mwezi uliopita kikundi chetu cha vijana hapa Kakuma kiliandaa mkesha wa kuiombea Kaunti ya Turkana. Kila mtu aliambiwa aandike ombi lake kwenye karatasi, lisomwe usiku kwa spika. Mimi ndiye nilipewa kazi ya kuzikusanya. Zilikuwa karatasi 14, ya kwangu ikiwemo. Nilizisoma kabla ya mkesha, nikaona ziko sawa. Nilizisoma tena baada ya mkesha, na hapo ndipo nikaona niandike.

Nianze na zuri. Walioandika wanatoka Kongo, Burundi, Sudan Kusini na Ethiopia. Wengi wanaishi kwa mgao uliopunguzwa, na bado walikaa chini wakamwombea mtu mwingine. Si jambo dogo. Lakini ukiyasoma kama maandishi, maombi yetu yana shida, na nitaisema wazi.

Ya kwanza ni mvua. Karibu kila karatasi iliomba mvua, ikaishia hapo. Ni kweli ukame uliipiga Turkana: kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kuleta kitu cha maana, na mifugo ikafa kwa wingi. Lakini mtu wa Kakuma anajua mvua ina mambo mengine. Inanyesha mbali huko juu, hapa jua linawaka, halafu ghafla laga ya Tarach inakuja na maji yanayobeba nyumba na mbuzi. Wengi wetu tumewahi kuhamisha magodoro usiku. Sasa mbona ombi letu halikumbuki hilo? Tuliomba kama watu walioisoma Turkana kwenye kipeperushi, si kama watu walioishi humu miaka kumi na zaidi.

Ya pili ni majina. Kaunti hii ina Lodwar, ina Lokichar ambako mafuta yaligunduliwa 2012, ina Kalokol karibu na ziwa, Loima, Lokichoggio, na Kibish kule mpakani. Sisi tukasema tu "Turkana" na "eneo hili la mbali". Mbali na nini? Mama anayechota maji Kibish hayuko mbali, yuko kwake. Sababu naijua: mkimbizi hatoki kambini bila pasi. Mimi mwenyewe Lodwar, kama kilomita 120 tu, nimeiona kwa dirisha la basi. Kwa hiyo simlaumu mtu. Lakini mahali usipopajua unaweza kuuliza, na wenyeji tunao hapa hapa, wanapita na makaa kila asubuhi. Na ninyi wa mashirika mnaosoma, mna neno lenu, "jamii mwenyeji". Kwenye fomu linafaa, ila halina uso.

Ya tatu inanihusu. "Bwana, wafungue macho hawa watu wakujue." Hayo niliyaandika mimi. Yalipotoka kwa spika, dada mmoja Mturkana anayejitolea pamoja nasi alikuwa amekaa karibu yangu. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Kwani sisi hatuombi?"

Nilikosa jibu. Waturkana wana jina la Mungu, Akuj, na jina hilo liko karibu na neno lao la "juu". Wana maombi ya wazee: mmoja anataja jambo, kundi zima linaitikia, kama vile sisi tunavyosema amina. Na Wakristo wako pia. Lodwar ni jimbo la Katoliki tangu 1978. Kambi yetu ilifunguliwa 1992. Mimi nikawaandika kama watu walio gizani, ati wanasubiri taa itoke kwetu. Na sisi uchungu huo tunaujua. Mara ngapi tumesoma habari zetu tukajikuta ni "wahitaji" tu, bila jina, bila ufundi, bila utani? Tunalalamika, halafu tunamfanyia jirani yale yale.

Mtu ataniambia: ombi si insha, Mungu anaelewa hata ukikosea. Nakubali. Lakini spika ilisikika hadi ng'ambo ya laga, na jirani naye alikuwa anasikia.

Kuna karatasi moja ambayo haina shida hizo. Iliandikwa kwa penseli na mama mmoja Mrundi, ambaye hata si kijana, alileta tu. Neno Turkana halimo. Anamwombea mwanamke anayemletea makaa: avuke laga salama, asirudi nyumbani na gunia. Halafu anajiombea yeye mwenyewe, aache kumpunja bei jioni akijua mwenzake amechoka na hawezi kurudi na mzigo. Mwisho anasema jina la huyo mwanamke halijui, ila atamuuliza.

Kwangu mimi hilo ndilo ombi bora kati ya yote 14, na ndilo fupi kuliko yote. Lina mtu, lina njia, lina gunia, na anayeomba yumo ndani na kosa lake. Sisi wengine tulimtuma Mungu. Mama alijituma na yeye.

Kwa mkesha ujao nimependekeza tubadilishe utaratibu. Kabla ya kuandika, kila mtu akae na mwenyeji mmoja, amuulize yeye mwenyewe anaombea nini. Tena nimeomba wenyeji nao watuombee sisi, kwa lugha yao, kwa spika ile ile. Yule dada amekubali.

Ombi langu nimelichana. Jipya bado, kwa sababu nimegundua mlinzi wa kituo chetu, mzee Mturkana, nimemwamkia kila asubuhi kwa miaka miwili na sijui anatoka kijiji gani. Nitaanzia hapo.