Ubeti Usiofungwa na Kituo: Kuisoma Skrini ya Linux Iliyokwama

Kompyuta yenye Linux ikikataa kuwaka, mara nyingi haikai kimya. Inamwaga maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, na mafundi wengi huyaruka wakaenda kwenye dawa waliyoizoea: futa diski, ingiza mfumo upya. Hapa nayachukua maandishi hayo kama utungo, nipate kulihakiki umbo lake. Kiingereza chake kinasumbua, lakini kinachopoteza watu zaidi ni mpangilio wa mistari.

Tuseme ni ofisi moja ya Chake Chake, kisiwani Pemba. Kompyuta ina diski ya nje ya kuwekea nakala, nayo imeandikwa kwenye faili la /etc/fstab, orodha ya diski za kufunguliwa kompyuta inapowaka. Mtu kaichomoa jana, kaenda nayo Wete. Asubuhi kompyuta inawashwa: vinyota vyekundu vinakwenda na kurudi, sekunde zinahesabiwa mpaka dakika moja na nusu, kisha yanateremka haya (nimeacha mistari ya katikati):

[ TIME ] Timed out waiting for device
[DEPEND] Dependency failed for /nakala
[DEPEND] Dependency failed for Local File Systems
You are in emergency mode

Mistari minne, idadi ile ile ya ubeti wa tarbia. Na hapo ndipo msomaji wetu anaponaswa. Kisiwa cha Kamange na Sarahani, washairi ambao tungo zao zimekusanywa katika Kale ya Washairi wa Pemba (2011), kina masikio yaliyozoea kungoja mshororo wa mwisho, maana kituo ndicho kinachoufunga ubeti. Msomaji akifika kwenye kituo cha skrini anakuta tangazo la hali ya dharura, na chini yake anadaiwa nenosiri la root, msimamizi wa mfumo. Anakata tamaa: mfumo umekufa.

Haujafa. Jambo lote limekwisha kusemwa katika mshororo wa kwanza: kuna diski imengojwa, haikutokea. Wa pili unasema mahali pa kuifungulia diski hiyo pamekosa cha kufungua. Wa tatu unasema kundi zima la mifumo ya mafaili ya ndani limeangushwa na huyo wa pili. Wa nne hauna habari mpya; ni mlango tu wa kuingilia kufanya matengenezo. Utungo huu husomwa kwa kupanda. Unaanzia chini, unamuuliza kila mmoja nani kamwangusha, mpaka umpate asiyemsingizia mwenziwe.

Ukwapi wake, yaani kipande cha kwanza cha mshororo, unasaidia, na nakiri nimeupenda. Ndani ya mabano mna nafasi sita, hazizidi wala hazipungui. FAILED ina herufi sita, DEPEND sita. TIME imepewa nafasi tupu moja kila upande, OK mbili mbili. Mizani imetimia, hivyo jicho linaweza kuteremka pembeni bila kusoma utao, kipande cha pili, hata kidogo. DEPEND ni majeruhi, tena aliyeumizwa na mwingine. TIME na FAILED ndio wa kuanza kuhojiwa.

Kasoro yake ni kukuza mambo. Diski ya nakala si lazima ili kompyuta iwake, ila utungo unaitangaza kwa sauti ile ile ambayo ungetangazia diski muhimu kabisa. Tiba ni ndogo: ingia kwa mlango ule wa dharura, fungua fstab, na kwenye safu ya masharti ya diski hiyo ongeza neno nofail. Siku nyingine isipokuwepo, kompyuta itawaka bila yake.

Umbo la pili la kukwama linaihusu Pemba zaidi. Tangu 2010 umeme wa kisiwa unatoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari. Kabla ya hapo yalikuwa majenereta ya Wesha. Popote unapotoka, ukikatika diski ikiwa inaandikwa, mfumo wa mafaili unaweza kuvurugika. Ext4 ina daftari lake la kujirekebishia na mara nyingi hujitibu yenyewe. Ikishindwa, Ubuntu na Debian huandika kwamba sehemu fulani, mathalani /dev/sda2, inataka ukaguzi wa mkono kwa amri ya fsck. Ujumbe huo uko wazi kabisa, lakini mara anaingia BusyBox, ganda dogo la kuandikia amri, anajitambulisha kwa jina na toleo lake, anakuachia neno (initramfs) na kishale kinachopepesa. Mgeni kaikatiza hotuba pale pale ilipofikia jambo la maana. Huu ni utunzi mbovu, sina neno laini zaidi. Anayesoma kituo tu hatajua kwamba alitakiwa kuandika fsck /dev/sda2, kisha exit.

Ila hata hapa panda kwanza. Ukiona huko juu mistari ya I/O error imejirudia, basi diski yenyewe inakufa. Nakili kazi zako kabla ya fsck.

Kuna pia kompyuta zinazoonyesha nembo tu, kwa sababu ya maneno quiet splash katika amri ya kuwashia. Kwenye orodha ya GRUB, inayotokea kabla Linux haijaanza, bonyeza e, yafute maneno hayo, kisha Ctrl na X, maandishi yatarudi.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ikikwama usiizime haraka. Ipige picha skrini nzima kwa simu, na umwonyeshe fundi mstari wa juu kabla hajaigusa diski yako.