Sifa za Mafundi wa Enterprise

Katika Star Trek: The Motion Picture, ile filamu ya mwaka 1979, kuna kama dakika tano ambazo karibu hakuna anayesema neno. Kirk na mhandisi wake, Scott, wamepanda kichombo kidogo, wanaizunguka meli yao ya angani, Enterprise, iliyoegeshwa kwenye karakana ya angani, huku muziki wa Jerry Goldsmith ukipanda taratibu. Hapa Hewa Bora, mjini Lubumbashi, watazamaji wakifika hapo huanza mazungumzo yao, au humwambia mwenye rimoti apeleke mbele. Mimi huwasihi waache. Naihesabu sehemu ile miongoni mwa kazi bora za mikono zilizowahi kupigwa picha.

Mfululizo wa awali wa televisheni ulikuwa na modeli ya Enterprise ya mbao na plastiki, yenye urefu wa zaidi ya mita 3. Nyaya za taa zilipitishwa ubavu wa kushoto, kwa hiyo kamera ilikaa upande wa kulia. Ilipobidi chombo kielekee kinyume, mafundi walibandika namba na maandishi yaliyogeuzwa, wakapiga picha, kisha wakaipindua. Kwa ujanja wa namna hiyo vipindi 79 vilikamilika kati ya 1966 na 1969.

Modeli ya filamu ilikuwa fupi zaidi, kama mita 2.4, lakini ilitunzwa mno. Paul Olsen aliipaka kwa miezi kadhaa rangi zenye mng'ao wa lulu, kipande baada ya kipande, hata mwili wake ukawa unabadilika rangi kila taa inaposogea. Douglas Trumbull, msimamizi wa madoido, naye aliona tatizo jingine: kule mbali na jua, chombo kitamulikwa na nini? Akaamua kijimulike chenyewe. Wakatega vioo vidogo vya daktari wa meno, wakaielekeza miale juu ya jina na namba za chombo. Kisha kamera iliyoendeshwa na mtambo ikapita njia ileile tena na tena, safari moja kwa ajili ya mwili, nyingine kwa ajili ya taa za madirisha, na utepe ukirudishwa mwanzo kila mara. Mtikisiko mdogo tu ungeharibu kazi yote.

Lakini filamu inawapenda mafundi hawa kuliko inavyowapenda watu wake. Mswada wake ulitokana na hadithi iliyoandaliwa kufungua mfululizo mpya wa televisheni, na wazo la chombo cha binadamu kinachorudi kumtafuta muumba wake lilifanana mno na kipindi cha 1967, "The Changeling". Hadithi hiyo ikanyooshwa hadi dakika 132. Mwongozaji Robert Wise, mtu aliyehariri Citizen Kane, alijua vizuri mahali pa kukata, ila kampuni ya kwanza ya madoido ilikuwa imeachishwa kazi na tarehe ya kuonyesha, 7 Desemba, haikusogezwa. Picha zilimfikia zimechelewa. Ndiyo maana mabaharia wanasimama muda mrefu wakikodolea macho skrini, na ule ubishi wa Spock na McCoy, uliowafanya watu wasubiri kipindi wiki nzima, umebanwa pembeni.

Kinachoniuma zaidi ni Uhura, afisa wa mawasiliano wa Enterprise. Katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, 8 Septemba 1966, kiumbe mgeni alimjia kwa sura ya mwanamume anayemsemesha Kiswahili. Lugha yetu ilikuwa imeshafika huko! Filamu ikampa Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, kifaa cha sikioni na sentensi za kuhesabika. Kuna moja anayomtetea Kirk mbele ya baharia mwenye wasiwasi, na anaitamka kwa uzito wa mtu anayejua asemalo. Mwigizaji huyu alistahili nafasi kubwa zaidi ya hiyo. Mwaka 1982, The Wrath of Khan ilitumia tena baadhi ya picha zilezile za karakana, kwa fedha kidogo zaidi, na watu wakarudi kuongea.

Ufundi wa namna hii upo hata huku kwetu Lubumbashi, ambako Tétshim na Frank Mukunday wametengeneza filamu fupi ya Machini (2019) kwa kokoto na chaki. Kokoto ndio watu: zinasogezwa kidogo, inapigwa picha, zinasogezwa tena. Ni habari za mji wa madini ambao wakazi wake wanakaribia kuwa sehemu ya mitambo, na anayeishi hapa hahitaji kuelezwa. Ufundi ni wa ukoo mmoja na wa kina Trumbull, subira ni ileile, isipokuwa hapa subira yote imewekwa kwa watu. Jiwe lisilo na uso linatembea nawe unalihurumia. Wamefanya hayo kwa kama dakika 10. Ningetamani sana kuona wangefanya nini wakipewa 132.