Rangi Iliyo Nyuma ya Neno

Watu wengi wanaoshinda mbele ya kompyuta hawajawahi kuitazama rangi iliyo nyuma ya neno "Hifadhi". Wanaliona neno, wanabonyeza, wanaendelea na shughuli. Kile kipande cha rangi kilicholibeba neno, kona zake za mviringo, ukingo mwembamba unaokizunguka na namna kinavyokolea kielekezi kikikifikia, vyote hupita bila kutajwa. Hata watengeneza programu wenyewe huiacha kazi hii mwisho, baada ya hifadhidata kutulia na hesabu kukubali, na mara nyingi humwachia aliye mgeni kazini. Naona hapo tunakosea. Kuchagua rangi ya nyuma na umbo la wijeti, yaani kitufe, kisanduku au kidude kingine cha skrini, ni ufundi kamili, wenye kanuni zake na hesabu zake, na shughuli yake ya kwanza si kupamba. Shughuli yake ni kusema: hiki kinabonyezeka, hiki kinaandikika, hiki kimefungwa kwa sasa, hapa kitu kimoja kimeishia na kingine kimeanza. Jicho hupokea habari hizo kabla halijasoma hata herufi moja, na likipewa habari za uongo, mkono hukosea.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwenye mashine ambayo haikuwa na rangi kabisa. Macintosh ya kwanza, ya mwaka 1984, ilikuwa na skrini ya pikseli 512 kwa 342, na kila pikseli ilikuwa ama nyeusi ama nyeupe. Kijivu hakikuwepo. Ile rangi ya kijivu iliyoonekana kwenye eneo-kazi ilipatikana kwa kupanga nukta nyeusi na nyeupe kwa kupokezana hadi jicho likazichanganya lenyewe, na juu yake madirisha yakaachwa meupe, hivyo kila dirisha likajitenga na kilicho chini yake bila kuhitaji kivuli kikubwa. Dirisha linalotumika lilitambulika kwa mistari ya mlalo kwenye kichwa chake. Lililosubiri halikuwa nayo. Kitufe kilichobonyezwa kiligeuka: nyuma ikawa nyeusi, herufi zikawa nyeupe, na kidole kilipoachia kipanya kikarudi kama kilivyokuwa. Kitufe kilichoitikia kubonyezwa kwa Return kwenye kibodi kilizungushiwa ukingo mnene wa pikseli 3, ukiachana nacho kidogo. Kwa rangi mbili tu, mafundi wale waliweza kutofautisha kilicho hai na kilicholala, kilichoguswa na kisichoguswa, cha kawaida na cha kupewa kipaumbele. Anayesema kwamba rangi ya nyuma ni urembo wa kuongeza mwishoni ajiulize ni kipi kati ya hivyo kingeweza kuondolewa na mashine ile ikabaki inatumika.

Umbo nalo lina habari yake. Mwaka 1981 Bill Atkinson, aliyeandika sehemu ya mfumo ule inayochora maumbo, alipata njia ya haraka ya kuchora duara na yai. Kichakato cha mashine hakikuwa na uwezo wa kukokotoa desimali kwa kasi, kwa hiyo alikwepa vipeuo vya pili kwa kujumlisha namba witiri: 1, ukiongeza 3 unapata 4, ukiongeza 5 unapata 9, ukiongeza 7 unapata 16. Steve Jobs, aliyeongoza mradi wa Macintosh, alipoonyeshwa aliuliza kuhusu mistatili yenye kona za mviringo. Atkinson hakuona haja yake. Andy Hertzfeld, aliyekuwa katika timu ya mradi huo, ameandika kwamba Jobs alimtoa nje wakatembea, akimwonyesha umbo hilo kila walipogeuka, mpaka kwenye kibao cha barabarani cha kukataza kuegesha magari. Kesho yake Atkinson alirudi na programu inayolichora kwa kasi ya kuridhisha, na umbo hilo likaingia kwenye vitufe vya Macintosh. Kisa hiki husimuliwa sana kumsifu Jobs kwa jicho lake. Mimi ninachokisifu zaidi ni ile hesabu ya namba witiri. Kona ya mviringo ilikuja kwenye skrini kwa sababu mtu mmoja alikubali kuifanyia kazi ngumu ya hisabati, tena kwa kitu ambacho wengi wangekiita kidogo.

Kona hiyo hadi leo inadai hesabu. Chukua kibao chenye kona za nusu kipenyo cha pikseli 12, na ndani yake uweke kitufe kilichoachana na ukingo kwa pikseli 8 kila upande. Fundi mwenye haraka atakipa kitufe nusu kipenyo kilekile cha 12, akidhani kufanana ndiko kupatana. Matokeo yake, nafasi iliyo pikseli 8 pembeni inapanuka kwenye kona hadi zaidi ya 11, na mtazamaji ataona kitu hakikai sawa ingawa hataweza kusema ni nini. Ukitoa 8 kwenye 12 na kukipa kitufe nusu kipenyo cha 4, mizingo miwili inakuwa na kitovu kimoja na nafasi inabaki ileile kuzunguka kona nzima. Toa nafasi kwenye nusu kipenyo, basi, na kibao kizima kinatulia.

Windows 95 ilichukua njia nyingine, nayo naiheshimu kuliko inavyoheshimiwa siku hizi. Kitufe chake kilikuwa cha kijivu, chenye thamani ya 192 kwa nyekundu, kijani na bluu. Juu na kushoto palipita mstari mweupe wa pikseli moja. Chini na kulia palipita mstari mweusi, na ndani yake mwingine wa kijivu kilichokolea. Hayo tu. Lakini jicho la binadamu limezoea mwanga unaotoka juu, kwa hiyo lilikiona kitufe kimeinuka. Kikibonyezwa, weusi ulihamia juu na kushoto, na neno lenyewe likasogea pikseli moja chini na moja kulia, likidhihirisha kwamba kitu kizima kimezama. Kisanduku cha kuandikia kilifuata mantiki hiyohiyo kwa kinyume: kilionekana kimechimbwa, na nyuma yake ilikuwa nyeupe kama karatasi inayosubiri wino. Mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta angeweza kubahatisha kipi ni cha kubonyeza na kipi ni cha kujaza, na angebahatisha sawasawa.

Hapa najua pingamizi litakaloletwa: hiyo ni mitindo tu, inakuja na kupita. Aqua ya Mac OS X ilionyeshwa mwaka 2000 ikiwa na vitufe vinavyong'aa kama tone la maji. Windows 8 ya mwaka 2012 ikaondoa mng'ao, ikalaza kila kitu na kuzinyoosha kona. Windows 11 ya mwaka 2021 ikazirudisha kona za mviringo. Kama kila miaka kumi ladha inageuka, ufundi wa kudumu uko wapi? Nakubali kwamba ladha hugeuka, tena nakubali kwamba Aqua ilizidisha kung'aa. Lakini wajibu haujageuka. Mtindo wa bapa ulipoondoa mwinuko wa kitufe, ulitakiwa kutafuta kitu kingine cha kubeba habari ileile, na palipokosekana watumiaji walibaki na maneno yaliyoelea juu ya weupe, wasijue lipi ni la kusoma na lipi ni la kubonyeza. Programu za bapa zilizofanikiwa ni zile zilizokiachia kitufe rangi yake ya nyuma, iliyojaa na isiyotumika penginepo. Kwa hiyo mabadiliko ya mtindo yanaithibitisha hoja badala ya kuivunja: unaweza kuondoa kivuli, unaweza kuondoa mng'ao, lakini ile kauli ya kwamba hiki kinabonyezeka lazima ibebwe na kitu.

Na kauli hiyo hupimika. Mwongozo wa ufikivu wa W3C, shirika la viwango vya wavuti, ulioandikwa kwa ajili ya kurasa za wavuti ingawa jicho ni lilelile kwenye programu yoyote, unataka tofauti ya mwangaza kati ya herufi na rangi iliyo nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Nyeupe juu ya nyeusi ni 21 kwa 1. Katika kukokotoa mwangaza, kijani hubeba asilimia 72 hivi, nyekundu 21, bluu 7 tu, kwa sababu ndivyo jicho linavyoona. Kutokana na hapo, mambo yanayodhaniwa kuwa ya ladha yanapata majibu. Kitufe cha "Futa" chenye nyekundu halisi ya 255 na herufi nyeupe, ambacho kila mwanafunzi hukichora siku ya kwanza, kinapata 4 kwa 1 na kushindwa. Ishushe nyekundu hiyo hadi 200, uwiano unapanda hadi 6, na bado ni nyekundu isiyo na shaka. Kijivu cha 118 juu ya nyeupe kinapita. Cha 119 hakipiti. Sijui ufundi mwingine wa rangi unaoweza kuonyesha mpaka wake kwa namna ya wazi hivyo.

Kazi huwa ngumu zaidi pale wijeti inapokaa moja kwa moja juu ya eneo-kazi: saa, hali ya hewa, kipimo cha kichakato, vile vidude ambavyo programu ya Konfabulator ilivisambaza mwaka 2003 na ambavyo leo watu huvijenga wenyewe kwa Rainmeter kwenye Windows au Conky kwenye Linux. Hapa fundi hajui nyuma yake kutakuwa na nini. Mwenye kompyuta anaweza kuweka picha ya bahari leo na ya arusi kesho. Wachora kanga wanalijua tatizo hili vizuri: mji wa kanga unaweza kujaa maua na korosho za kila rangi, ndiyo maana jina mara nyingi hupewa kisanduku chake chenye rangi moja tulivu, likasomeka hata kwa anayepita njia. Wijeti nayo huhitaji kisanduku chake, ila wengi hawapendi kuifunika picha yao yote, kwa hiyo hutumia kibao kinachopitisha mwanga kiasi. Hesabu za kulaza picha juu ya picha kwa namna hiyo zilichapishwa na Thomas Porter na Tom Duff mwaka 1984, mwaka uleule wa Macintosh. Chukua herufi nyeupe juu ya kibao cheusi, na uifikirie hali mbaya kuliko zote, yaani picha nyeupe tupu chini yake. Kibao kikiwa na uzito wa asilimia 50, weupe wa chini unatokeza kama kijivu cha 128 hivi, na uwiano hautimii 4 kwa 1. Kikiwa na asilimia 60, kijivu kinashuka hadi 102 na uwiano unafika 5.7. Asilimia 10 ndizo zinazotenganisha saa inayosomeka kwenye kila picha na saa inayopotea mtu akibadili picha. Wanaochagua uzito wa kibao kwa kukitazama tu juu ya picha yao wenyewe wanajipimia nguo na kumpelekea mwingine avae.

Wapo watakaosema kwamba mtengeneza programu hana haki ya kuchagua rangi kabisa. Mfumo ndio uchague, na mtumiaji auelekeze mfumo. Pingamizi hili nalipa uzito mkubwa. Kuna watu wanaotumia rangi za utofauti mkali kwa sababu macho yao yanazihitaji, na programu inayopuuza chaguo lao inawafungia mlango. Kuna pia suala la kutoona rangi: miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, mwanamume mmoja katika kila 12 hivi hapambanui vizuri nyekundu na kijani. Lakini kuacha kila kitu kwa mfumo hakumwondolei fundi kazi. Tazama vitufe vitatu vya dirisha la Mac, chekundu, cha njano na cha kijani: kila kimoja kina mahali pake pasipobadilika, na kielekezi kikikaribia alama hujitokeza ndani ya kila duara. Rangi imesaidiwa na mahali na alama, kwa hiyo asiyeiona rangi hapotei. Kuchukua rangi kutoka kwenye palete ya mfumo, kukataa kuitwisha rangi peke yake mzigo wa maana, kujua pa kutogusa, yote hayo ni sehemu ya ustadi huu.

Nao una mitego ambayo haionekani mpaka uiguse. Katika Qt, maktaba inayotumika sana kujengea programu za kompyuta za mezani, ukikipa kitufe rangi ya nyuma peke yake huenda isionekane kabisa, kwa sababu ukingo wa asili unaochorwa na mfumo huifunika. Lazima utaje na ukingo. Ukishautaja, mfumo unajitoa, na pamoja nao unaondoka muonekano wa kubonyezwa, wa kupitiwa na kielekezi, na wa kuteuliwa kwa kibodi. Anayeanza huona kitufe chake kizuri cha buluu akafurahi, asijue kwamba kimenyamaza: kinabonyezwa na hakiitikii. Kila hali sasa ni juu yake kuichora upya, na ile inayosahauliwa zaidi ni ya kibodi, ambayo kwa mtu asiyeweza kushika kipanya ndiyo pekee inayomwonyesha yupo wapi.

Hali ya mwisho, ya kitufe kilichozimwa, ndiyo inayoonyesha fundi anajali kiasi gani. Mwongozo wa W3C haumbani hapo: kitufe kisichotumika kimesamehewa masharti ya utofauti, na wengi huutumia msamaha huo kukififisha mpaka neno lenyewe lisisomeke. Nadhani msamaha huo ni mpana mno. Mtu aliyekwama kwenye fomu, anayetaka kujua ni hatua gani amenyimwa, anahitaji kulisoma jina la hatua hiyo kuliko mwingine yeyote. Afadhali kitufe kibaki na umbo lake na mahali pake, kivuliwe rangi iliyojaa na mwinuko kama kinao, kipewe kijivu tulivu, na neno lake libaki angalau 3 kwa 1 dhidi ya kilicho nyuma yake.